Barua ya Wazi: Gemu Si Kamari, Msitutoze Kama Kamari

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia leseni, mapato na ushuru mjini Mombasa

Nakala: Wawakilishi wa wadi 30 za Mombasa, na wabunge wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu

KUH: LESENI, USHURU NA UKAMATAJI WA MASHINE ZA GEMU ZA VIDEO

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima zote. Barua hii inatoka kwa wenye vibanda vya gemu wa Kisauni, Likoni, Majengo, Changamwe na Mji wa Kale, kwa mafundi wanaozitengeneza mashine hizo, na kwa vijana wachache wanaotunga gemu zao wenyewe hapa pwani. Malalamiko haya yalifikishwa kimyakimya kwanza, kwa barua zilizogongwa muhuri wa kupokewa. Mihuri tunayo, majibu hatuna. Ndiyo sababu leo tunaandika hadharani.

Jambo letu ni moja, ingawa lina matawi. Kiingereza kina neno "gaming", ambalo hubeba mchezo wa video na kamari kwa pamoja, na karatasi zetu za leseni zimeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hakina utata huo. Hata bibi wa Kibokoni asiyewahi kushika simu ya kisasa anajua tofauti ya dhumna inayogongwa barazani baada ya alasiri na karata za pesa zinazochezwa kwa kujificha. Nasi tunaishi katika mji ambao kwa wakazi wengi kamari ni haramu, si kosa la leseni tu. Mzazi akisikia kibanda kimefungwa "kwa kamari", haulizi swali la pili. Mtoto hatumwi tena njia hiyo. Kwa hiyo neno lililokosewa ofisini linatugharimu pesa, kisha linatugharimu jina.

1. Kibanda cha gemu kuwekwa fungu moja na kamari

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha 4, inazipa kaunti kazi ya kusimamia burudani za umma. Herufi (a) inataja kamari na kasino. Herufi (e) inataja maonyesho na ukodishaji wa video. Walioandika Katiba hawakuvitia viwili hivyo katika kapu moja. Kibanda ambamo mtu analipia kutumia skrini na mashine kwa muda wa mechi moja kiko karibu zaidi na (e), na atakayesema kiko kwenye (a) atueleze kwa maandishi amefikaje huko.

Kamari ina mambo matatu: dau, bahati, na malipo kwa anayeshinda. Kibandani mtu hulipa ada ya mechi, hucheza, na akishinda huondoka na maneno tu ya kumkejeli mwenzake. Mashine hairudishi hata senti. Mkaguzi anaweza kuitambua tofauti hii kwa dakika moja bila kufungua kitabu cha sheria: atazame kama mashine ina tundu la kuingizia sarafu na trei ya kutemea sarafu. Zile zinazomeza sarafu za shilingi 20 vichochoroni zina vyote viwili. PS, yaani PlayStation, mashine ya gemu inayochomekwa kwenye runinga, haina hata kimoja.

Vitabu vya forodha navyo vimekwisha tenganisha. Mashine zinazoendeshwa kwa sarafu au noti zina namba 9504.30, mashine za gemu za video zina 9504.50. Na tangu ilipopitishwa Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, hakuna tena kisingizio kwamba tunatumia sheria kuukuu isiyoijua PlayStation.

2. Ada isiyolingana na kipato

Hesabu hii ni ya mfano, lakini mwenye kibanda yeyote ataitambua. Chukua kibanda chenye mashine 4. Mechi ya mpira ya vipindi viwili vya dakika 6, ukiongeza kuchagua timu, marudio ya mabao na kubishana, hula kama dakika 20. Basi saa moja ni mechi 3. Tuseme mechi ni shilingi 30: saa moja inaleta shilingi 90 kwa mashine. Kibanda hakijai asubuhi. Tuseme kila mashine inapata saa 6 kamili za kulipiwa kwa siku. Hiyo ni shilingi 540 kwa mashine, 2,160 kwa kibanda, na kwa siku 26 za kazi ni 56,160. Kwa mwaka mzima, bila Ramadhani iliyopoa wala stima kukatika, ni shilingi 673,920.

Hayo ni mauzo, si faida. Hayajatolewa kodi ya chumba, wala mshahara wa kijana anayelinda zamu, wala stima. PS4 ikiwa kazini hula takriban wati 150, runinga ndogo wati 50. Mashine 4 kwa saa 10 ni yuniti 8 za tokeni kila siku, na bado hujawasha feni, ambayo kwa joto la Mombasa si hiari.

Kodi ya mauzo ya asilimia 3 inayotozwa wafanyabiashara wadogo huanzia mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka. Maana yake, kibanda hiki hakijafika hata mlangoni mwa kodi ya taifa iliyowekwa kwa wadogo, ilhali kwenye leseni kinapimwa kwa kijiti cha nyumba za kamari. Na tuseme lililo wazi: Sheria ya Fedha ya 2025 iliipunguzia kamari yenyewe ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 15 hadi 5. Wenye kamari wameteremshiwa mzigo. Sisi tumebandikwa jina lao bila nafuu yao.

3. Ushuru bandarini

Hapa tunaomba mtusome polepole, kwa sababu wengi wanaotuuliza "mbona mechi imepanda bei" hawajawahi kuona hesabu hii.

Mashine ya gemu ikifika Kilindini na thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima, ni shilingi 50,000, mambo huenda hivi. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, asilimia 25: 12,500. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, nayo huhesabiwa juu ya thamani ikiwa imeshaongezwa ushuru, yaani juu ya 62,500: 10,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5: 1,250. Tozo ya reli, asilimia 2: 1,000. Jumla ni shilingi 24,750, karibu nusu ya thamani ya mashine yenyewe, kabla ya wakala wa kutoa mzigo kulipwa na kabla ya lori kuondoka bandarini.

Kompyuta ya thamani ileile, ambayo pia hucheza gemu, ushuru wake wa forodha ni sufuri. Inalipa 8,000 za ongezeko la thamani, 1,250 na 1,000; jumla 10,250. Tofauti ni shilingi 14,500 kwa vitu viwili ambavyo ukivifungua ndani vina kichakataji, kumbukumbu, diski na feni.

Rudini kwenye hesabu ya kibanda. Shilingi 24,750 kwa mapato ya 540 kwa siku ni siku 46 za mashine hiyo kufanya kazi bila kutoa hata pesa ya stima, kulipia ushuru tu.

Vifaa navyo hufuata njia hiyohiyo. Padi ya kuchezea ya PlayStation huhesabiwa pamoja na mashine yake, kwa sababu kanuni za sura ya 95 zinasema kifaa kinachofaa mashine fulani pekee huainishwa nayo. Kibandani padi ndiyo hufa kwanza. Ndani ya kila kijiti cha kuelekezea kuna visoma-mwendo viwili vyenye utepe wa kaboni unaosuguliwa kila mchezaji anapokimbia. Utepe ukilika, mchezaji kwenye skrini huanza kutembea peke yake. Fundi anaweza kubadilisha kijiti kizima: kuna miguu 14 ya kuondoa risasi iliyoilehemu, na bodi haitaki moto mwingi. Lakini padi ikishafunguliwa mara tatu nne, plastiki haishiki tena. Ya bandia huagizwa kwa bei rahisi na hufa mapema. Ushuru mkubwa kwenye padi halisi unamfanya mwenye kibanda anunue takataka mara tano kwa mwaka, na jaa la Mwakirunge halina haja ya takataka zaidi.

Kuna pia suala la mashine zilizotumika, ambazo ndizo wengi wetu tunaweza kuzimudu. PS4 ilitoka 2013. Mashine yenye umri huo, iliyochubuka na isiyo na kasha, haiwezi kukadiriwa kama mpya. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya 2004 inataka thamani ianzie kwenye bei iliyolipwa kweli. Afisa akiikataa risiti, aandike sababu. Kifungu cha 229 kinampa mwagizaji siku 30 za kuomba mapitio, na Kamishna siku 30 za kujibu. Asipojibu, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Wafanyabiashara wadogo wengi hawaijui haki hii, na hatujaona kaunta ambayo imeibandika ukutani.

4. Ukamataji wa mashine

Operesheni ya kusaka mashine za sarafu ikipita mtaani, vibanda vya gemu huzolewa pia. Hatupingi operesheni. Tunapinga namna vitu vinavyobebwa, kwa sababu mwenye kibanda akishinda kesi hurudishiwa mzoga.

Kinachoharibika kinajulikana. Mtu akivuta waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye runinga, mashine ikiwa juu ya rafu, tundu lenye pini 19 hung'oka na njia zake za shaba kwenye bodi. Kulirudisha kunahitaji hewa ya moto, darubini na mkono uliotulia, na njia zikishachanika hakuna la kurudisha. Akichomoa umeme mashine ikiwa inaandika kwenye diski, faili huvurugika. Akifungua diski ngumu ya PS4 "kama ushahidi" na kuichanganya na nyingine, imekwisha: data ya diski hiyo imefungwa kwa mashine yake na haisomeki kwenye nyingine.

Halafu kuna ghala. Hewa ya kisiwa hiki ina chumvi. Mashine inayofanya kazi kila siku hujikausha kwa joto lake. Iliyolala miezi katika chumba kisicho na dirisha hunywa unyevu. Kutu huanzia kwenye ngao ya bati na kwenye matundu ya nyaya, vumbi la ndani hugeuka tope jembamba linalopitisha umeme, na siku ya kurudishiwa mwenyewe huichomeka kwa furaha na kuiunguza pasuwa, kile kifaa cha ndani kinachoigawia umeme. Inayotoka ghalani isiwashwe. Ifunguliwe kwanza, ipulizwe, isuguliwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, iachwe ikauke, ndipo pasuwa ipimwe peke yake.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni huu, na haumchukui afisa robo saa. Mwenye kibanda aizime mashine kikamilifu, si kuilaza tu. Diski ya gemu itolewe. Umeme uchomolewe, kisha HDMI, kwa kushika kichwa cha waya. Iandikwe namba ya mashine iliyo nyuma au chini yake, ukubwa wa diski ngumu, idadi ya padi, nyaya na diski za gemu. Ipigwe picha. Karatasi isainiwe na pande mbili, nakala moja ibaki kibandani. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vinampa aliyeathirika haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Karatasi isiyotaja kifungu kilichovunjwa si sababu.

5. Wanaotunga gemu

Hawa ni wachache, na pengine ndio maana hawaonekani. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Intaneti ya nchi hii inaingilia ufukweni kwetu. Lakini bando linalipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, kisha ongezeko la thamani la asilimia 16 juu ya jumla hiyo. Katika kila shilingi 1,000 za bando, karibu 250 ni kodi. Gemu kubwa ya leo ina gigabaiti 50 na kwenda juu, na masahihisho yake huja kila mara.

Kijana akitunga gemu akaiweka Steam, duka la gemu la mtandaoni, hulipa dola 100 za kuiorodhesha, zinazorudi gemu ikishauza dola 1,000. Ikiuzwa dola 10 kwa mnunuzi wa Marekani, duka huchukua asilimia 30, zinabaki 7. Marekani nayo huzuia asilimia 30 ya hizo kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi nayo, zinabaki 4.90. Ndipo kodi ya mapato ya nyumbani inapobisha hodi. Hili si la kaunti, tunajua. Tunaliweka hapa ili wabunge waliotajwa kwenye nakala wasiseme hawakuambiwa.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema watoto wa shule hutoroka wakaja vibandani. Ni kweli, hutokea, na kibanda kinachowapokea kinastahili kuadhibiwa. Tunakubali sharti kwenye leseni: siku za masomo, asiingie aliyevaa sare wala mtoto wa umri wa shule kabla ya saa kumi jioni. Tunakubali pia alama za umri zilizo kwenye kasha la gemu zifuatwe. Grand Theft Auto V na Mortal Kombat zina alama ya 18; zisichezwe mbele ya mtoto, na skrini yake isielekee mlangoni. Masharti ya aina hii yanalinda watoto. Ada ya kasino hailindi mtoto yeyote, inamfundisha tu mwenye kibanda kujificha chumba cha nyuma, ambako hamtamwona.

Mtasema vijana huwekeana pesa juu ya mechi. Wapo, hatutafuni maneno. Lakini pesa huwekwa pia juu ya mpira unaotazamwa hotelini, na hakuna aliyeipa runinga ya hoteli leseni ya kamari. Andikeni kwamba mwenye kibanda hatashika dau la mtu. Akikamatwa nalo, aonywe mara moja, mara ya pili asimamishwe.

Mtasema gemu ni anasa. Mashine moja ya kibanda huchezwa na watu wasio na uwezo wa kununua hata padi yake. Brazil ilishikilia hoja hiyo ya anasa kwa miaka. Mwaka 2013 PS4 iliyouzwa dola 399 Marekani iliingia madukani kwao kwa reais 3,999 za fedha yao, zaidi ya mara nne ya bei hiyo. Kuanzia 2019 hadi 2021 walipunguza kodi ya bidhaa za viwanda kwenye mashine hizo kutoka asilimia 50 hadi 20, na Mei 2024 wakapitisha sheria namba 14.852 inayotambua gemu za video kuwa kitu chake na kuitoa michezo ya kubahatisha nje yake. Brazil si nchi tajiri isiyohitaji kodi.

Mwisho mtasema ushuru wa asilimia 25 ni wa Jumuiya, mikono yenu imefungwa. Ndiyo na siyo. Kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni, nchi wanachama huomba kutumia kiwango tofauti kwa mwaka mmoja, na maombi yaliyokubaliwa hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya kuanza Julai 1. Mlango upo. Hakuna aliyeupiga hodi kwa ajili ya namba 9504.50.

Tunachoomba

a) Mswada ujao wa fedha wa kaunti uwe na fungu lake la vibanda vya gemu za video, mbali na kamari, na ada ipimwe kwa idadi ya skrini: kuanzia skrini 1 hadi 4, 5 hadi 10, na zaidi ya 10. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inalipatia bunge la kaunti siku 90 baada ya kupitisha matumizi ili lipitishe mswada huo, kwa hiyo muda wa kutusikiza upo. Tuitwe kwenye kikao cha maoni ya umma, na tangazo libandikwe Kongowea na Likoni feri, si gazetini pekee.

b) Hadi hapo, hakuna kibanda cha gemu kifungwe kwa sheria ya kamari bila karatasi inayotaja kifungu.

c) Mashine zilizoko ghalani ziorodheshwe ndani ya siku 14, na zisizo na tundu la sarafu zirudishwe. Zilizoharibikia humo, mwenyewe apewe barua ya kukiri hali hiyo.

d) Wakuu wa forodha waandikie Hazina ya Taifa, kabla ya maombi ya mwaka ujao kupelekwa Jumuiya, wakipendekeza mashine za 9504.50 na padi zake zishushwe hadi asilimia 10. Na haki ya kifungu cha 229 ibandikwe kaunta, kwa Kiswahili.

e) Jibu la barua hii kwa maandishi ndani ya siku 30.

Kama bado kuna anayeona mashine hizi ni ndugu, tuko tayari kuleta ofisini kwenu PS4 moja na runinga yake, nanyi mlete mashine moja ya sarafu kutoka ghalani kwenu. Tuziweke juu ya meza moja, kila mmoja atie shilingi 20, tuone ni ipi itakayozitema.

Wenu kwa heshima,

Wenye vibanda vya gemu, mafundi na watunzi wa gemu,
Mombasa